Zawadi kwa mkulima anayeijua kazi yake



Kila mwaka ifikapo Septemba swali la namna moja huanza kufika mezani kwetu. Kamati ya parokia inataka kumuaga katekista anayestaafu, ambaye pia ni mkulima hodari wa kahawa. Kigango kingine kinataka kumshukuru mama aliyesimamia bustani ya shule kwa miaka mingi. Marafiki zetu walio nje ya nchi wana fedha kidogo za Noeli na wanauliza: "Tumnunulie nini mkulima wa Mbinga?" Swali ni jema na tunafurahi kuulizwa. Shida iko kwenye jibu lililozoeleka, yaani jembe moja, kilo mbili za mbegu ya mahindi, mfuko wa mbolea, picha ya pamoja, basi.

Kwa kijana anayeanza maisha, kifurushi hicho kinasaidia. Lakini mtu aliyelima mlima uleule kwa miaka thelathini ni mtu mwingine kabisa. Jembe analo, tena lenye mpini uliochongwa kwa kipimo cha mkono wake. Mbegu anayo, ameichagua mwenyewe kutoka kwenye mavuno yake. Udongo wake anaujua kuliko bwana shamba. Kumpa kifurushi cha anayeanza ni sawa na kumzawadia mvuvi wa Liuli ndoana moja. Atapokea kwa mikono miwili, atashukuru, na kitu kitakwenda darini.

Katika makala hii tunaeleza namna tunavyoshauri kamati na wafadhili wetu wachague zawadi kwa watu wa aina hii. Tunaanza na jambo moja ambalo limetufaa kuliko orodha yoyote ya bidhaa: tazameni anachoazima. Karibu kila mkulima mzoefu ana kitu kimoja au viwili ambavyo kila msimu anavifuata kwa jirani. Huenda ni bomba la kupulizia, mkasi wa kupogolea, turubai au keni ya kumwagilia. Lazima asubiri mwenyewe amalize, na wakati anasubiri kazi yake inachelewa. Kitu hicho ameshakijaribu, anajua kukitumia, na anajua thamani yake. Hakuna semina inayohitajika. Ukikinunua, umempa siku kadhaa za msimu ambazo zilikuwa zinapotea.

Milimani: kazi ya ngoro

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, lakini ni kama kusafiri kati ya nchi mbili. Unaacha milima ya Umatengo yenye baridi na ukungu, unateremka hadi ziwani, takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto, mchanga na mihogo. Tangu mwaka 2012 mwambao ni wilaya yake yenyewe, Wilaya ya Nyasa, ingawa parokia nyingi bado zina ndugu pande zote mbili. Zawadi inayofaa juu mara nyingi haifai chini, kwa hiyo tutazungumzia kila upande peke yake.

Kwa wafadhili ambao hawajafika Mbinga, ngoro ni mashimo yanayochimbwa kwenye mteremko mkali, yamepangana kama vyumba vya sega la nyuki. Mvua zinapoelekea mwisho, kati ya Februari na Machi, nyasi na magugu hufyekwa kwa nyengo, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume. Nyasi zikinyauka hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka shamba lote linakuwa na miraba, kila mraba kama mita moja na nusu hadi mbili. Kisha kina mama huingia na majembe, huchimba udongo katikati ya mraba na kuufunika juu ya zile nyasi pande zote nne. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta yenye nyasi tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi Machi au Aprili, na mahindi hufuata kwenye matuta yaleyale mvua za mwisho wa mwaka zikishika. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Nyasi zinaoza chini na kulisha mazao, na magugu ya palizi hutupwa shimoni yawe mbolea ya baadaye.

Inaelezwa kwamba Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi ndogo yenye miteremko. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walifanya utafiti katika vijiji vya Kitanda na Kindimba ili kuelewa jinsi mfumo huu unavyohifadhi udongo. Tunalitaja hilo ili wafadhili wajue kwamba mama anayechimba ngoro si mtu wa kufundishwa kilimo cha kisasa kwa kipeperushi cha kurasa mbili. Profesa amekuja kwake kujifunza.

Sasa, mama huyo apewe nini?

Kwanza, tupa. Ni kitu kidogo, bei yake ni ndogo, na mara nyingi hakimo nyumbani. Jembe au nyengo butu humwongezea mtu kazi kila siku, na wengi hunoa kwenye jiwe kwa kuwa tupa iliyopo imekwisha meno. Pili, jembe lisilo na mpini. Wazee wanakumbuka jembe la UFI lililotengenezwa Ubungo, Dar es Salaam, na hadi leo watasimama dukani na kuligonga jembe kwa kidole wasikilize sauti yake. Kwa hiyo kama ni lazima jembe liwe jembe, mpeni nafasi ya kulichagua mwenyewe dukani, nyinyi mlipe. Mpini achonge wa kwake. Nyengo ni vivyo hivyo: inunuliwe kwa mhunzi ambaye mwenye kuitumia anamwamini.

Tatu, na hapa tunaomba kamati zitusikilize vizuri, mikono ya watu. Kuchimba ngoro ni kazi nzito, na mama mjane wa miaka sitini na tano haihitaji mashine, anahitaji vijana wanane kwa siku mbili mwezi Machi. Vijana wa parokia wanaweza kutoa zawadi hiyo bila shilingi nyingi. Lakini kuna masharti. Waende siku aliyoichagua yeye, nyasi zikiwa zimenyauka vizuri. Wachimbe anavyowaelekeza yeye, maana ngoro iliyochimbwa ovyo hupasua matuta mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, na hapo mtakuwa mmemwachia mmomonyoko badala ya zawadi. Na chakula waende nacho. Kwa desturi mwenye shamba ndiye hulisha waliokuja kumsaidia, na hawezi kuwaacha wageni na njaa. Akipikia vijana wanane kwa siku mbili mwezi wa Machi, ambapo ghala liko karibu tupu, zawadi imemgharimu debe la mahindi.

Kuhusu mashine tuseme kwa ufupi. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa sehemu nyingi za nchi, na wafadhili wengine bado hutuuliza kama wanunue moja. Kwenye bonde la mpunga, sawa. Kwenye mteremko wa ngoro haipandi, na ikipanda itabomoa kile kilichojengwa kwa vizazi.

Kahawa na vitu vyake

Familia nyingi za milimani hupata ada ya shule kutoka kwenye kahawa, na hapa ndipo vitu vya kuazima vilipo vingi. Baada ya mavuno mikahawa hupogolewa na machipukizi hupunguzwa. Asiye na mkasi hutumia panga, na panga huchana tawi badala ya kulikata, likaacha kidonda kinachokaribisha magonjwa. Mkasi mzuri wa kupogolea pamoja na msumeno mdogo wa matawi ni zawadi ambayo mkulima wa kahawa ataionyesha kwa wageni. Wafadhili wa Ulaya wanaotaka kununua kitu huko kwao tunawashauri wafikirie hapa, kwa sababu chuma chao ni kizuri na mkasi ni mwepisi kubeba. Mikasi ya Felco ya Uswisi, kwa mfano, huweza kufunguliwa na kila kipande kikabadilishwa. Tatizo ni kwamba vipuri hivyo huwezi kuvipata Mbinga, kwa hiyo anayetuma mkasi atume na kisu chake cha akiba na springi mbili ndani ya bahasha ileile.

Kitu kingine ni wavu wa kuanikia. Kahawa iliyomenywa, kuchachushwa na kuoshwa inatakiwa ikauke juu ya meza yenye wavu, hewa ipite chini na juu. Ikianikwa chini hunusa udongo, na mwonjaji wa kahawa huigundua harufu hiyo mara moja. Miti ya kutengenezea meza mkulima anayo. Anachokosa ni wavu, na turubai la kufunikia mvua inapomshtukiza. Mita kumi za wavu na turubai moja ni zawadi isiyopendeza sana kwenye picha, lakini hubadilisha daraja la kahawa.

Miche nayo ipo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, kilichopo Ugano wilayani Mbinga, kimekuwa kikisambaza aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo kwa mikahawa ya zamani hudhibitiwa kwa kupulizia mrututu na dawa nyingine kila msimu. Mchepuo huo mpya humpunguzia mzee kazi ya kubeba bomba mgongoni. Mche huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu hivi. Kuna wanakamati waliotuuliza kama inafaa kumpa mche mzee wa miaka sabini na tano. Muulizeni mwenyewe. Wazee wengi tunaowafahamu hupanda mti kwa furaha kuliko vijana.

Mashine ya kumenyea kahawa ni kubwa kwa mtu mmoja. Iwe ya kikundi, au ya chama cha msingi, AMCOS, na kabla ya kununua pawe na maelewano ya nani atailainisha kwa mafuta, nani atatunza ufunguo, na fedha ya kipuri itatoka wapi. Wamatengo walikuwa na mahali pa kuongea mambo kama haya. Sengu ilikuwa ndiyo baraza la ukoo, wanaume wakila pamoja nyumbani kwa mzee na kujadili ya shamba na ya familia. Katika mradi wa maendeleo ambao Chuo cha Sokoine na Wajapani waliuendesha kuanzia mwaka 1999, jina hilo la sengu lilitumiwa tena kwa kamati ya kijiji, na huko Kindimba wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Wazo lake tunalipenda: anayetaka unga wake usagwe atautunza mto na miti ya chanzo chake. Zawadi kubwa ya kikundi iwe na mantiki ya namna hiyo.

Mbegu: hapa nendeni polepole

Zawadi inayopendwa kuliko zote ni mbegu, na ndiyo inayoweza kuharibu msimu mzima wa mtu. Mbegu ya mahindi ya nyanda za juu, kama UH 6303 ya Uyole, huchukua muda mrefu kukomaa na inapenda baridi. Ukiichukua Mbinga mjini ukampelekea shemeji yako Mbamba Bay, umempelekea kitu cha nchi nyingine. Vilevile mbegu chotara ina nguvu msimu wa kwanza. Akihifadhi punje za mavuno yake na kuzipanda tena, mavuno hushuka. Kwa hiyo zawadi ya mahindi chotara ni zawadi ya mwaka mmoja yenye bili ya mwaka unaofuata. Tunasema hivyo bila kuipinga mbegu yenyewe, mradi mpokeaji ajue.

Maharage ni tofauti. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu njema huweza kurudiwa misimu kadhaa bila kupoteza sifa zake. Kilo moja ya aina mpya kutoka kituo cha utafiti cha Uyole mikononi mwa mama mzoefu haitaliwa. Ataijaribu kwenye matuta machache, ataiangalia inavyopambana na ukungu, ataionja kama inaiva haraka, na ikimpendeza mwaka wa tatu kigango kizima kitakuwa nayo. Hiyo ndiyo mbegu ya kumpa mtaalamu, mbegu ya kujaribu, kiasi kidogo, bila kumlazimisha aache ya kwake.

Huko mwambaoni muhogo ndio chakula, unaoliwa na mbasa, mbelele au usipa. Muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa pingili za shina, na pingili hubeba magonjwa. Batobato huonekana kwenye majani, lakini michirizi kahawia ni mjanja zaidi: shina linaweza kuonekana zima, na mkulima akagundua wakati wa kuvuna tu, anapokata mzizi na kukuta umeoza ndani. Kamati inayokodi gari na kuleta pingili kutoka mkoa mwingine kwa nia njema inaweza kuleta na ugonjwa. Pingili zitoke kwa mzalishaji aliyekaguliwa na taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, au zisitolewe kabisa.

Afrika imeshalipia somo hili. Kidung'ata wa muhogo alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na vipando vilivyosafirishwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshafika Tanzania. Dawa yake ilikuwa nyigu mdogo sana aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 na kuachiwa katika nchi nyingi za Afrika. Aliyeongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na mwaka 1998 akaanzisha shirika la Biovision. Shirika hilo limesaidia jarida la Mkulima Mbunifu, linaloandika kwa Kiswahili kuhusu kilimo hai tangu mwaka 2011. Tutarudi kwenye jarida hilo hapa chini.

Kwa marafiki zetu wa ng'ambo tunaongeza ombi moja: msitutumie pakiti za mbegu kwa posta wala kuzificha ndani ya sanduku la nguo. Mbegu kuingia nchini inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na sababu mmeisoma hapo juu.

Mwambaoni

Mkulima wa ziwani ana kazi mbili au tatu kwa wakati mmoja. Analima muhogo, ana mpunga bondeni kama yuko upande wa Lituhi, ana bustani ya mboga ya kiangazi, na pengine ana sehemu katika mtumbwi. Wavu uleule wa kuanikia tulioutaja kwa kahawa unamfaa sana: makopa ya muhogo na usipa hukauka safi juu ya chanja kuliko mchangani. Ni zawadi moja ambayo tunaweza kuinunua kwa jumla na kuigawa juu na chini.

Kwa bustani ya kiangazi watu hufikiria pampu. Pampu ya kukanyaga ni nzuri na haili mafuta. Ila pampu yoyote inayovuta maji kutoka juu haiwezi kuvuta kutoka kina kinachozidi mita saba hivi, hata aliyeikanyaga awe na nguvu namna gani. Pimeni kwa kamba kabla ya kununua. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kama bustani ya mpokeaji iko ndani ya mita hizo, pampu yenu itamwingiza kwenye matatizo na afisa mazingira. Hapo afadhali keni mbili nzuri za kumwagilia na mazungumzo ya kuisogeza bustani.

Kuhifadhi ni zawadi pia

Mkulima mzoefu wa Mbinga anajua kuzalisha. Kinachomuumiza ni kuuza mapema. Bei ya mahindi na maharage huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri miezi inavyokwenda kuelekea Januari na Februari. Anauza mapema kwa sababu mbili. Moja ni wadudu: dumuzi akiingia kwenye gunia, kusubiri ni kupata unga wa vumbi. Nyingine ni ada na matibabu, na hapo ndipo magoma huingia. Kwa wasiolijua neno hili, magoma ni kupokea fedha au chakula wakati wa shida na kuahidi kulipa kwa kahawa ambayo bado iko mtini, kwa bei anayoipanga mwenye fedha. Mavuno yanapofika, sehemu ya kahawa si yako tena.

Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kama mifuko ya PICS, hushughulikia sababu ya kwanza. Nafaka iliyokauka vizuri hufungwa ndani, wadudu hukosa hewa na kufa, na hakuna dawa ya kuchanganya na chakula. Mfuko hutumika tena na tena mpaka utoboke. Mifuko mitano humwezesha mama kushika magunia matano hadi Januari, na gunia lililobaki Januari ndilo linalolipa ada badala ya kahawa ya mtini. Hatusemi mifuko itafuta magoma. Lakini katika zawadi zote tulizozitaja, hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mfadhili anayetaka fedha yake ifike mbali. Itolewe na maelezo mawili: nafaka iwe kavu kweli, na mfuko ukae mbali na ukuta kwa ajili ya panya.

Namna ya kuuliza

Ukimuuliza mkulima mzee, "Mama, ungependa tukupe nini?", utapata jibu la heshima: "Chochote tu mwanangu, tutashukuru." Hilo ni jibu la adabu, wala msiliandike kwenye fomu. Aende mtu mmoja anayefahamika, mwanajumuiya mwenzake, aamkie, aketi, azungumze habari za mvua. Kisha aulize, "Mama, mwaka huu kazi ilikukwamia wapi?" Au, "Bomba mnatumia la nani?" Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha.

Lazima pia mjue nani atakimiliki kitu. Anayechimba ngoro ni mama, lakini fedha ya kahawa kwa kawaida hukaa mfukoni mwa baba. Bomba likikabidhiwa "kwa familia", mara nyingi ni la baba, na baba akiliuza hakuna aliyevunja ahadi. Siku ya makabidhiano mtajeni mpokeaji kwa jina lake kamili mbele ya watu, si "mke wa fulani", na mkimpa kitu mkononi iwe mkono wake. Wanakamati wengine huona tunazidisha. Tumeona tofauti yake.

Vitu vidogo ambavyo hakuna anayevifikiria

Miwani ya kusomea. Mama anayechagua mbegu za maharage punje kwa punje, akitupa yenye doa na yenye tundu, anafanya kazi ya macho. Akifika miaka hamsini macho ya karibu hufifia, na mbegu mbovu zinaanza kupita. Miwani hiyohiyo itamsaidia kusoma kibandiko cha dawa, ambapo kosa la kipimo ni hatari. Ikiwezekana apimwe kwanza hospitali, Litembo au Liuli au popote huduma ya macho inapopatikana. Pamoja na miwani, nakala za Mkulima Mbunifu, ambazo kikundi kinaweza kuzisoma kwa zamu.

Kisu cha kubebeshea miche. Badala ya kumpa fundi miche kumi ya parachichi au maembe, mpeni kisu chenye makali na utepe wa kufungia. Yeye atabebesha miche mia na majirani watanunua kwake. Hii ni kwa anayejua kubebesha tu. Kwa asiyejua, kisu ni kisu.

Gambuti za saizi yake halisi, kwa anayeshinda bondeni. Glavu za mpira kwa anayepulizia dawa. Za kitambaa, zile ambazo wakulima wa bustani wa Ulaya hupeana, hapa hazina kazi. Dawa zenyewe za kuua wadudu tunaomba zisiwe zawadi kamwe. Na kuhusu mbolea, tangu msimu wa 2022/2023 serikali imekuwa na mpango wa ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa, kwa hiyo wakati mwingine msaada wa kweli ni kijana wa kumsindikiza mzee ofisi ya kijiji akasajiliwe, kisha nauli ya mfuko kutoka mjini hadi mlimani.

Lini

Zawadi nyingi tunazozipokea hufika Desemba kwa sababu ya Noeli, na kwa shamba la Mbinga Desemba si mwezi mbaya, ila si wa kila kitu. Tupa, majembe na nyengo zifike kabla ya mwisho wa Januari, ngoro isije ikaanza bila hivyo. Fedha za wavu na turubai tunaziomba kabla ya Mei, maana kahawa huanza kuiva muda mfupi baadaye. Mifuko ya kuhifadhia inunuliwe Juni; mwezi Agosti nafaka huwa imekwisha kuuzwa. Mikasi ya kupogolea inaweza kungoja hadi Septemba. Wafadhili wasioweza kulingana na miezi hii watume fedha ikae kwenye akaunti ya parokia na jina la zawadi liandikwe kwenye stakabadhi.

Kamati zinazotaka kujiunga na ununuzi wa pamoja wa wavu zitupatie idadi ya mita, jina la kila mpokeaji, na neno moja tu mbele ya kila jina: kahawa, makopa au usipa, kwa kuwa ukubwa wa matundu ya wavu hutofautiana.